Furaha Inayohitaji Mshindwa

Jumatatu, 8 Septemba

Ng'ombe wa Anold amezaa. Ndama jike, mwekundu, paji jeupe. Habari yenyewe haina ubaya. Ubaya ni alivyoitangaza. Asubuhi, kwenye grupu la WhatsApp la watumia maji, grupu lililoanzishwa ili tujue nani anafunguliwa ndiva, bwawa letu la kumwagilia, siku gani, Anold amebandika picha ya ndama na chini yake Kiingereza: We are exultant.

Exultant. Kwa ndama.

Chai yangu imepoa hivi hivi nikiitazama simu. Exultant ni furaha ya aliyeshinda. Jeshi likiuteka mji, askari wake ni exultant. Timu ikifunga dakika za majeruhi, mashabiki wake ni exultant. Mgombea akimbwaga mbunge wa miaka mingi, sauti yake redioni siku ya matokeo ni exultant. Asili ya neno ni Kilatini, maana yake kuruka: mtu anaruka kwa sababu aliyesimama mbele yake ameanguka. Sasa Anold kamwangusha nani? Kazi yote kaifanya ng'ombe, na kwa picha ile ng'ombe mwenyewe hakuwa exultant hata kidogo. Alikuwa amechoka.

Nimeyaandika hayo kwenye grupu. Kistaarabu. Kwa aya. Nimeongeza kwamba mwalimu mstaafu wa Kiingereza, aliyefundisha watoto wa milima hii mpaka nywele zikamwisha, alipaswa kujua tofauti ya furaha na ushindi, na kwamba sasa naelewa kwa nini watoto wale wanaandika barua za kuomba kazi namna wanavyoziandika.

Anold amejibu kwamba hongera kwa kusoma, lakini exultant ni furaha yoyote inayofurika mpaka mwili unashindwa kutulia. Hata mama ambaye homa ya mtoto wake imeshuka alfajiri. Adui hahitajiki. Kisha akabandika kiuso kinachocheka machozi.

Kiuso. Mtu wa umri wake.

Mzee Sindato, mwenyekiti wa ndiva, ametuma ujumbe wa sauti: grupu hili ni la maji, wenye mambo ya Ulaya wakayazungumzie Ulaya. Watu kadhaa wamejitoa. Naomi, mke wangu, ameniuliza kama leo mbuzi watakula kamusi, maana majani sijakata.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemkuta Anold dukani kwa Asteria. Sikumfuata. Nilipita tu, na kamusi nilikuwa nayo kwapani kwa sababu nyingine.

Hapa niseme jambo. Watu wa nje husema sisi Wapare tunapenda kesi, kwamba Mpare atauza ng'ombe ili agharamie kesi ya kuku. Ni uzushi wa kikabila, na niko tayari kwenda mahakamani kuuthibitisha kuwa ni uzushi. Mimi nilichokitaka kwa Anold ni haki tu. Na mimi si mtu wa kubahatisha katika lugha. Niliacha ualimu baada ya kutoelewana na mkuu wa shule kuhusu matumizi ya neno "maendeleo", na makala zangu zimewahi kurudishwa na magazeti ambayo wengine hawajui hata zilipo ofisi zake.

Nimefungua kamusi yangu juu ya gunia la sukari. Inasema: furaha kubwa, hasa ya ushindi. Nikamwonyesha. Anold kachomoa simu, kamusi yake imo humo. Inasema: kufurahi sana, hasa kwa kufanikiwa jambo.

Nikamwambia, umeona, kufanikiwa. Akaniambia, umeona, kufurahi sana. Nikamwambia "hasa" ndilo neno lenye uzito. Akaniambia "hasa" maana yake si lazima. Asteria akatuomba tuondoe kamusi kwenye sukari.

Tukahamia kwenye matumizi. Nimemweleza kwamba exultant huvaliwa na mtu, umati, sauti, uso, kelele. Husemi chakula ni exultant. Husemi hali ya hewa ni exultant. Na husemi umekuwa exultant polepole tangu Aprili. Linakuja kwa mpigo, likiwa na mshindwa wake pembeni anavuja damu. Anold amekubali yote isipokuwa damu.

"Fredi," akasema, na mimi nina miaka hamsini na miwili, "huna uhakika. Mwenye uhakika huweka kitu."

Nikasema naweka kamusi. Akacheka, akasema kamusi anayo. "Weka maji."

Asteria aliacha kupima sukari. Huku kwetu watu hucheka hata mazishini, lakini na zamu ya maji hawachezi. Ndiva hujaa usiku kucha, hufunguliwa alfajiri, na kila nyumba ina siku yake tangu enzi za babu zetu. Mwezi kama huu, mvua bado haijulikani itakuja lini, siku yako ikipita imepita. Anold ana Jumanne. Mimi nina Ijumaa, niliyorithi kwa marehemu baba.

Nikasema: Ijumaa yangu kwa Jumanne yako, mpaka vuli. Tukapeana mikono. Asteria akawa shahidi, hakupenda.

Njiani nikakumbuka mambo mawili. Kwanza, leo ni Jumanne, kwa hiyo Anold alikuwa ameshamwagilia asubuhi ile ile kabla hajaja dukani. Pili, Ijumaa ni yangu kwa jina, lakini shamba inalolimwagilia ni la Naomi. Tangawizi yote iliyomo ameipanda yeye, ameipalilia yeye, na ni mwaka wa kwanza shamba hilo kuwa mikononi mwake baada ya vanila yangu, ambayo ilikuwa wazo zuri, na uyoga wangu, ambao pia ulikuwa wazo zuri. Tulikubaliana mbele ya mama yake kwamba mwaka huu nisiliguse.

Sijaligusa. Nimegusa maji.

Sikumwambia. Alikuwa anachambua maharage ya makande na alionekana kuwa na amani.

Jumatano, 10 Septemba

Tumekwenda kwa Mzee Sindato atuamue. Tukampa shikamoo, akaitika, akatutengea mabenchi mawili yanayotazamana, kama watu waliogombania mpaka.

Mzee Sindato hajui Kiingereza na hana haja nacho. Nilidhani hilo litanisaidia, kwamba nitamfundisha. Nimezungumza kwa muda mrefu. Nimeanzia Roma. Anold akazungumza kidogo kuhusu mama na homa. Mzee akatusikiliza akikwangua udongo kwenye beleshi lake.

Mwishoni akauliza kama kitu hicho ni furaha. Tukasema ndiyo. Akauliza kama kinaonekana kwa macho. Tukasema ndiyo, hilo hatubishani, mtu huruka, hupiga kelele, haiwezekani kuficha.

"Basi mnanisumbulia nini na vitabu," akasema. "Nileteeni nikione."

Uamuzi wake ni huu. Jumamosi kuna msaragambo, kijiji kizima kinatoka kuzoa tope ndani ya ndiva. Siku hiyo Anold ailete furaha yake isiyo na mshindwa, na mimi niilete yangu yenye mshindwa, mbele ya watu. Watakayemwona kwamba anayo kweli, atachukua zamu ya mwenzake. Na kuigiza hakuruhusiwi. Akanitazama mimi. Akasema msaragambo uliopita kuna mtu aliigiza kuumwa mgongo na jioni akaonekana juu ya mparachichi.

Nikamuuliza na mpaka Jumamosi itakuwaje. Akasema kitu kinachogombaniwa hakitumiki. Zamu zote mbili zimefungwa, maji yatapita kwa majirani wa chini.

Nikamkumbusha kwamba ya Anold ilishatumika jana. Akasema basi mwenzako ana bahati.

Yaani Ijumaa hii Naomi hana maji. Nimerudi nyumbani nimeamua kumwambia. Nimemkuta shambani, amechimbua udongo kidogo pembeni ya shina, anaitazama tangawizi ilivyoanza kujaza. Akaniambia bila kugeuka: "Baba Blessing, kumwagilia mara mbili tu. Nikipata mbili, hii itakuwa kama mkono wa mtu mzima."

Nikasema ni nzuri sana. Nikaenda kukata majani ya mbuzi. Nimekata mengi kupita kawaida.

Alhamisi, 11 Septemba

Hoja yangu ina uzuri wake na ina gharama yake. Ili niwe exultant Jumamosi lazima nimshinde mtu. Nimeteremka Same kutafuta mtu wa kumshinda.

Nimechagua mnada wa mifugo. Pale ushindi hupatikana kwa mdomo, na mdomo ninao. Nikamfuata Loishiye, mfugaji wa huko tambarare, mrefu, mtaratibu, anayesema Kiswahili kana kwamba kila neno amelipima kwanza. Alikuwa na beberu mweusi. Nikaanza. Nimemweleza kuhusu ukame, bei za Moshi, makosa ya sera ya mifugo tangu Azimio la Arusha. Kila nikisema, yeye anashusha. Sikuwahi kuona mtu anashuka namna ile. Alishuka mpaka nikaona aibu kidogo, kisha aibu ikaondoka na kitu kikaanza kupanda kutoka magotini.

Nikajua ndicho. Nikalipa, nikashika kamba, nikaruka. Nimeruka vizuri tu, mikono juu.

Loishiye na wenzake walinitazama kwa adabu. Kisha akaniambia kwamba kwao mtu aliyeshinda bei hunyamaza, huondoka na mnyama wake, hucheka akishafika nyumbani. Anayeruka mnadani ni yule ambaye hajamtazama mbuzi upande wa pili.

Nikamtazama mbuzi upande wa pili. Jicho la kushoto halipo.

Nikamwambia Loishiye huu ni udanganyifu. Akasema mimi nilizungumza muda wote, yeye hakupata nafasi ya kudanganya. Wenzake hawakucheka mpaka nilipofika barabarani, na hapo nikakiri moyoni kwamba desturi yao wanaifuata kweli.

Beberu amenipinga kilima chote. Hapandi akiwa na ukingo kushoto, kwa sababu hauoni.

Ijumaa, 12 Septemba

Naomi ametoka kabla ya jua, jembe begani, buti za mvua. Nilimsikia. Nilijifanya nimelala kwa bidii.

Amekaa kwenye mfereji akisubiri maji. Maji yakapita chini kwa jirani. Akafuata mfereji akidhani umeziba. Akafika mpaka kwenye ndiva, na huko hakukuwa na kilichoziba, kulikuwa na Mzee Sindato, ambaye si mtu wa kuficha habari.

Amerudi, hakupiga kelele. Kama angepiga ningekuwa na la kujibu. Amekaa kwenye kiti cha jikoni, akavua buti moja, akaishika.

"Baba Blessing, maji yangu umeyaweka wapi?"

Nimemweleza. Nimemweleza tofauti ya exultant na furaha ya kawaida, na jinsi matumizi mabaya ya maneno yanavyoanza na ndama na kuishia bungeni. Nimemwambia kwamba kuna mambo ambayo mtu lazima ayasimamie. Nimemwambia kwamba nikishinda tutakuwa na Jumanne pamoja na Ijumaa.

Akauliza: "Na ukishindwa?"

Nikasema hilo haliwezekani kwa mujibu wa kamusi.

Akaitazama buti. Akasema tangawizi haijui Kiingereza. Akasema pia kwamba vanila ilipokufa alinyamaza, uyoga ulipooza ndani ya chumba cha Blessing alinyamaza, na kwamba amegundua ubaya wa kunyamaza ni kuwa mimi huwa nadhani amekubali. Kisha akavaa ile buti tena, akatoka. Ametoka akielekea tena kwa Mzee Sindato.

Makande yalikuwapo. Nimejipakulia mwenyewe. Beberu amekula nusu ya kitambaa cha meza, upande anaouona.

Jumamosi, 13 Septemba

Mwili wote unauma. Naandika nikiwa nimeegemea ukuta.

Pembe imepulizwa alfajiri. Kijiji chote kimepanda ndivani: wanaume ndani ya tope na mabeleshi, wanawake kwenye mstari wakipokezana mabeseni mpaka ukingoni. Ndiva ilikuwa imekaushwa, imebaki tope zito la mwaka mzima, jeusi, lenye harufu ya chura.

Katikati ya asubuhi Mzee Sindato akasimamisha kazi. Akawaambia watu kwamba walimu wawili hawa wana kitu cha kuonyesha, na kila mtu atazame vizuri kwa sababu maji yako ndani yake. Watu wakaketi. Mwamvita, anayeuza maandazi, akapitisha maandazi. Nimeona mechi za ligi zenye utulivu mdogo kuliko ule.

Anold ndiye aliyeanza. Alikuwa amemleta ndama. Akamsimamisha mbele ya watu, akamtazama ili furaha ije. Ndama akanywa maji ya tope. Anold akamtazama zaidi. Akasema "subirini kidogo". Mwishowe akaruka, mara moja, mruko wa mtu anayevuka kidimbwi akiwa amevaa viatu vya kanisani.

Mzee Sindato akauliza: "Ndiyo hiyo?"

Anold akasema ya Jumatatu ilikuwa kubwa zaidi. Mwanamke mmoja kwenye mstari akasema labda iliishia kwenye simu.

Zamu yangu. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Nikampa Anold changamoto mbele ya wote: mabeseni ya tope, kutoka chini mpaka ukingoni, atakayetangulia kumaliza fungu lake. Hakuweza kukataa. Ni kweli ana miaka sitini na kitu. Ni kweli mkono mmoja ulikuwa umeshika kamba ya ndama. Vita havina umri.

Nimemshinda. Nimemshinda mbali. Nikafika ukingoni na beseni la mwisho, nikalimwaga, nikageuka, nikamwona Anold chini kabisa akihema, na nikasubiri furaha ije.

Haikuja. Nilichokisikia ni kiuno. Nikasubiri tena. Watu wote wakasubiri pamoja nami, jambo ambalo halisaidii. Nikaona bora nianze kuruka, yenyewe itanikuta njiani. Nikaruka. Ukingo ulikuwa umelowa kwa tope nililolimwaga mwenyewe, ukabomoka.

Nimezama mpaka kifuani.

Sijawahi kusikia kijiji kikicheka hivyo. Mzee Sindato alilia, akalifuta chozi kwa kofia. Mwamvita aliachia sinia. Kutoka ndani ya tope nikawaeleza kwamba wasijidanganye, kwamba kicheko hicho bado si exultant kwa sababu hawajanishinda katika shindano lolote rasmi. Sidhani kama walinisikia. Anold ndiye aliyenivuta, kwa kamba ya ndama, na ndama akasaidia.

Hukumu: hakuna aliyeonyesha kitu. Nikaanza kuomba siku ya marudio. Hapo Naomi akatoka kwenye mstari, beseni bado kichwani.

Akampa Mzee shikamoo, akaomba kusema. Akasema hawa wawili hawana haja na maji, wana maneno na yanawatosha. Yeye ana tangawizi. Baba mkwe aliiacha Ijumaa kwa jina la mwanawe, sawa, lakini tangu azikwe hakuna hata Ijumaa moja mwanawe amesimama kwenye mfereji na jembe, na kama kuna aliyewahi kumwona aseme.

Nikatazama watu. Hakuna aliyesema. Nilitegemea angalau Asteria.

"Zamu imfuate mwenye jembe," Naomi akasema. "Na Ijumaa yangu iliyopotea nilipwe, kwa sababu mimi sikubishana na mtu."

Wanawake wote kwenye mstari wakashusha mabeseni kwa pamoja. Wakayashusha tu, na tope likabaki lilipo. Wazee wakateta. Haikuchukua muda. Ijumaa sasa ni ya Naomi, kwa jina lake, si mpaka vuli tu bali moja kwa moja. Jumanne ijayo Anold anaikosa, inakwenda kwa Naomi kufidia. Sisi wawili tukabaki kubeba mawe ya kuimarisha ukingo nilioubomoa.

Nimebeba mawe na Anold mpaka jioni. Tulikubaliana kwamba utaratibu ulikiukwa.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani. Mchungaji amehubiri juu ya furaha. Sijui nani anampa habari.

Naomi amemtoa beberu sadaka. Hakuniuliza, alimfunga tu kwenye mlango wa kanisa pamoja na ndizi na mayai ya wengine. Baada ya ibada ukafanyika mnada nje kama kawaida, watu wakashindania mayai, miwa, kuku wa Mwamvita. Beberu akasimama upande mzuri kwa watu. Anold akamchukua.

Nikamfuata, nikamuuliza kama sasa ni exultant. Akafikiri kwa haki, akasema hapana, ameridhika tu.

Sikumwambia kuhusu jicho. Ningeweza kumwambia.

Jumanne, 16 Septemba

Lazima niandike hili polepole.

Nimemfuata Naomi shambani alfajiri. Kwa mbali. Nilikaa nyuma ya migomba kwa sababu hatujaanza kuongea vizuri, na kwa sababu nilitaka kuona kama mifereji ameichonga inavyotakiwa. Ameichonga vizuri kuliko mimi.

Baridi ilikuwa kali. Amesimama kwenye kichwa cha shamba, jembe mkononi, anasikiliza juu. Majani ya tangawizi yalikuwa yameanza kujikunja kingo, na udongo ulikuwa na nyufa. Ningesema wiki moja zaidi na ingekuwa habari ya vanila.

Kwanza huja sauti. Majani makavu yanasukumwa kwenye mfereji. Kisha maji yenyewe, machafu, yamebeba povu na vijiti, yanakuja kama mtu asiye na uhakika wa nyumba anayoitafuta. Naomi akapiga jembe mara moja, akaondoa kizuizi, maji yakageuka yakaingia kwenye tuta la kwanza. Udongo ukatoa sauti ya kunywa. Tuta la pili. La tatu. Akawa anakimbia mbele ya maji, anayafungulia njia, gauni limelowa mpaka mapajani, na maji yalipofika tuta la mwisho, lile la chini ambalo kila mwaka halifikiwi, alilitupa jembe.

Alilitupa juu, si chini.

Akapiga kigelegele. Nimeishi na mwanamke huyu miaka ishirini na mitano, nimemsikia harusini, nimemsikia kwenye kipaimara cha Blessing. Sijawahi kusikia kile. Kilivuka bonde, ng'ambo akaitikia mwanamke, na juu yake mwingine, wakakipokezana kama mabeseni mpaka kikapotea kwenye ukungu. Akaruka. Ndani ya tope, na buti zake zote mbili, mikono juu, kichwa nyuma, peke yake, hakuna aliyempangia saa.

Nilisimama nyuma ya migomba na nywele zangu za mkono zilikuwa wima.

Ndilo. Ndilo neno lenyewe, nimeliona likiwa na miguu. Kwa muda, sijui ni muda gani, sikufikiria kitu chochote. Nilitazama tu. Nilikuwa karibu kutoka nikamsaidie kuokota jembe.

Kisha nikaelewa jambo ambalo wengine wasingelielewa. Kwa nini ameruka? Kwa sababu ameshinda. Na kamshinda nani? Mimi. Zamu ilikuwa yangu, leo ni yake, na mshindwa alikuwapo papo hapo, nyuma ya migomba, kama kanuni inavyotaka. Nimekuwa nikitafuta ushahidi wiki nzima na kumbe ushahidi ni mimi.

Nimeshinda hoja. Nimekimbia mpaka kwa Anold bila kunywa chai.

Jumatano, 17 Septemba

Anold ni mtu mgumu. Nilimkuta anamzungusha beberu zizini, ameshagundua. Nimempa hoja yangu yote, tangu sauti ya majani makavu. Alinisikiliza vizuri, hata akaacha kamba. Kisha akasema kwamba nimethibitisha ya kwake. Mwanamke ameruka kwa sababu shamba limepata maji. Mimi hata sikuwa kwenye picha.

Nikamwambia nilikuwa mita chache tu.

"Alikuona?"

Nikasema hilo ni jambo la kiufundi. Akasema basi akaulizwe mwenyewe. Nikakubali, kwa sababu namfahamu mke wangu.

Nimemuuliza leo mchana. Alikuwa anakula, ana udongo kwenye kucha na uso umechangamka. Tumeanza kuongea. Nimemuuliza kwa upole kwamba jana, alipotupa jembe, je, alikuwa ananifikiria mimi na jinsi alivyonishinda Jumamosi.

Ameacha kutafuna.

"Kwani jana ulikuwepo?"

Nikasema nilikuwa nyuma ya migomba. Akauliza kama nilikuwa pale muda wote na sikutoka kushika hata jembe. Nikasema nilikuwa katika utafiti. Akacheka, akaniongezea makande, akasema Jumamosi kuna kupalilia na nafasi yangu ipo, tena hakuna mtihani.

Nimempelekea Anold jibu lake kama lilivyo, kwa sababu mimi ni mkweli. Akasema mjadala umefungwa. Nikamwambia hapana. Mshindi aliyemsahau kabisa mshindwa wake ndiye aliyeshinda kuliko wote. Ushindi wa namna hiyo ndio exultant ya daraja la juu kabisa, na kamusi zetu zote mbili ni za bei rahisi, hazijafika huko. Anold akasema naongeza magoli baada ya filimbi. Nikasema athibitishe. Akasema niweke kitu.

Nimezunguka nyumba nikitafuta kilichobaki kwa jina langu. Kuna redio, na kuna mparachichi ulio nyuma ya jiko. Matunda yake huvuna na kuuza Naomi, lakini mti niliupanda mimi, hilo kijiji kizima kinajua. Nimeweka mparachichi. Anold ameweka ndama. Tutakuwa kwa Mzee Sindato Jumamosi asubuhi, na kupalilia nimemwomba Naomi tusogeze mbele, nimemwambia nina shughuli.

Sina wasiwasi. Neno ni lile lile, mpinzani ni yule yule, na safari hii nina uzoefu.